Silabi Moja Njiani: Safari ya Sauti Kati ya Meru na Embu

Neno mgambo, ambalo Kiswahili kimelihifadhi katika mbiu ya mgambo, ni ndugu wa karibu sana wa neno mugambo, ambalo kwa Wameru na Waembu lina maana ya sauti. Waganda nao husema okugamba wanapokusudia kusema, nasi tumebaki na kitenzi kujigamba, yaani kuinena nafsi yako kupita kiasi. Kule Tigania, katika kaunti ya Meru, kilianzishwa kituo cha redio ya jamii kilichopewa jina la Mugambo Jwetu, Sauti Yetu. Jina hilo lilinipendeza tangu siku ya kwanza nilipolisikia, maana linaeleza kwa maneno mawili jambo ambalo wasomi hulieleza kwa kurasa nyingi: kwamba jamii isiyosikika ni kama jamii isiyokuwako.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, sauti haifiki kwa kupendwa. Sauti husafirishwa, na kila kisafirishwacho chaweza kupungua njiani. Katika makongamano yetu ya Kiswahili tumejadili kwa kina lugha ya redio. Tumewasuta watangazaji wanaochanganya ndimi, tumewakosoa wanaoshindwa kutofautisha dhana na zana, tumebishana kuhusu Sheng hadi jua likatua. Sijapata kumsikia mtu akisimama kuuliza habari za njia ambayo sauti hupitia kati ya kinywa cha msemaji na mlingoti wa kurushia matangazo. Tumeiachia njia hiyo mafundi, kana kwamba haina lolote la kuihusisha na fonolojia, mofolojia wala adabu ya mazungumzo. Nakusudia kuonyesha kwamba inazihusu zote tatu, na kwamba katika nchi ya milima na mabonde kama kwetu, kutoijua kwaweza kumgharimu mkulima mavuno ya msimu mzima.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Nkubu, na masomo yangu ya sekondari niliyapatia Embu. Barabara iendayo kutoka Embu hadi Meru naijua kona kwa kona. Huvuka Thuci unaotenganisha Embu na Tharaka-Nithi, ikapita Chuka, ikateremka kwa woga hadi daraja la Nithi, kisha ikapanda tena kuelekea Meru, mji wa mto Kathita. Upande mmoja umesimama Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199, na kila kijito kitokacho mlimani kimejichimbia bonde lake. Kwa msafiri, mabonde hayo ni mandhari. Kwa mawimbi ya redio, ni vizuizi. Kiungo cha mawimbi ya mikrowevu kinachotumika kupeleka sauti kutoka studioni hadi kwenye mlingoti huhitaji kwamba antena ya huku ionane na antena ya kule bila kilima kati yao. Pale ambapo hazionani, budi ujenge mnara mwingine juu ya kilima cha katikati, uutafutie umeme, uuwekee mlinzi na kuulipia ardhi. Gharama hizo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya redio ikae Nairobi kwa muda mrefu.

Kizazi cha wazazi wetu kilisikiliza Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Mkulima wa Runyenjes au wa Maua alikuwa msikilizaji. Fursa yake ya kusemea redioni ilikuwa haba mno. Utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya tisini, Capital FM ikaanza mwaka wa 1996, na Kameme FM ikaleta lugha ya mama katika masafa ya FM mwaka wa 2000. Baadaye tukapata Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, zote zikiwa za kampuni ya Royal Media Services yenye makao makuu Nairobi. Hapo ndipo swali la njia lilipozidi uzito. Mtangazaji aweza kuketi Nairobi na kuwaamkia watu wa Meru kwa Kimeru safi, huku mlingoti ukiwa umbali wa zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka kinywani mwake. Aidha, kituo kidogo cha Meru chaweza kumtuma mwandishi Embu asubuhi na kutaka sauti yake iwe hewani kabla ya adhuhuri. Wote wawili wanahitaji daraja, na siku hizi daraja hilo hujengwa kwa itifaki ya intaneti.

Kwa likizo kadhaa nimejitolea kusoma taarifa ya habari ya Kiswahili katika kituo kimoja cha upande wa Meru. Kituo hicho sitakitaja. Fundi mitambo wake, mtu wa makamo aliyejifunza kazi kwa kufungua redio mbovu kabla ya kwenda chuoni, alikubali kunifundisha kila nilipokuwa na subira ya kusikiliza.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, maana hivyo ndivyo anavyomwita kila asomaye Kiswahili chuo kikuu, "wewe unadhani sauti inaenda kama maji kwenye bomba?"

"Ndivyo nilivyodhani, Fundi."

"Hapana. Inaenda kama mahindi kwenye matatu. Inatiwa kwenye magunia madogo madogo, kila gunia lina nambari, na kila gunia linapanda gari lake. Lililotangulia kuondoka laweza kufika la mwisho. Lingine halifiki kabisa."

Hakuna mhadhara ulionifaa kuliko maneno hayo. Kisanduku kiitwacho kodeki, ambacho ukubwa wake haupiti sana ule wa kamusi nene, hupokea sauti kutoka kwenye kipazasauti, huipima maelfu ya mara kwa sekunde, huigeuza kuwa tarakimu, huzibana tarakimu hizo ili zisichukue nafasi kubwa, kisha huzikata vipande. Kwa kawaida kipande kimoja hubeba sauti ya milisekunde 20. Hivyo basi kila sekunde ya usemi huwa pakiti 50, na kila pakiti huandikwa nambari, saa na anwani ya iendako. Kodeki ya upande wa pili huzipokea, huzipanga upya, huzisubiri zilizochelewa kwa muda mfupi mahali ambapo mafundi wetu hupaita bafa, kisha huzigeuza tena kuwa sauti.

Msomaji huenda akauliza kwa nini pakiti iliyopotea isiombwe tena. Barua pepe hufanya hivyo: kipande kisipofika, mpokeaji hudai kitumwe upya hadi kifike. Mtu asomaye barua hajali ikichelewa sekunde tatu. Mazungumzo ya moja kwa moja hayana anasa hiyo, kwani silabi inayofika baada ya sentensi kwisha haina pa kukaa. Kwa sababu hiyo vifaa vingi vya utangazaji hutumia utaratibu usiotazama nyuma: pakiti hutumwa, na ikipotea imepotea.

Jambo la kwanza linalomhusu mwanaisimu ni upana wa sauti. Simu ya kawaida hubeba sauti kati ya hezi 300 na hezi 3,400, yaani mitetemo kwa sekunde. Upana huo watosha kumtambua shangazi yako anapokupigia. Hautoshi kutenganisha vikwamizi vyote vya Kiswahili. Nguvu kubwa ya kikwamizi /s/ iko juu ya hezi 4,000, nje kabisa ya mpaka huo, na alama zinazotenganisha /s/, /f/ na /th/ hudhoofika mno zikipita humo. Thamani na samani huanza kufanana.  Mbinu ya kubana sauti iitwayo G.722, iliyosanifiwa mwaka wa 1988, hufikisha sauti hadi hezi 7,000 kwa kutumia kilobiti 64 tu kwa sekunde. Opus, iliyosanifiwa mwaka wa 2012, yaweza kubeba upana wote ambao sikio la binadamu hulisikia. Matangazo ya FM yenyewe hufika hezi 15,000. Kwa hivyo kituo kinachomweka mkulima hewani kwa simu ya kawaida, hali mtangazaji ana kipazasauti cha studio, huwa kimeamua, pasi na kukusudia, ni nani ambaye vikwamizi vyake vitasikika. Mwenye cheo husikika kama msomi, mwenye jembe husikika kama aliye ndani ya mtungi.

Tofauti hiyo haitokani na gharama kubwa sana. Nilipiga hesabu pamoja na Fundi. Kilobiti 64 za sauti, ukiongeza anwani zinazoandikwa juu ya kila pakiti, huwa kilobiti 80 kwa sekunde. Saa nzima ya mazungumzo hula takriban megabaiti 36 za bando. Kwa viwango vya leo hicho ni kiasi kidogo. Tena, kufikia mwaka wa 2008 Muungano wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulikuwa umekwisha kuchapisha kanuni za pamoja zinazowezesha kodeki ya mtengenezaji mmoja kuzungumza na ya mwingine, na hiyo G.722 ni miongoni mwa mbinu ambazo kila kodeki inayofuata kanuni hizo sharti izielewe. Kituo kidogo hakilazimiki kununua sanduku la huku na la kule kwa tajiri mmoja.

Jambo la pili ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Katika msimu mmoja wa makadamia, baada ya bei kuwa imeporomoka vibaya mwaka wa 2023, kituo kilimtuma mwandishi katika soko moja la kaunti ya Embu ambako wakulima walikuwa wakikutana na wakala wa mnunuzi. Meru na Embu ni miongoni mwa kaunti zinazotegemea zao hilo, kwa hivyo watu wengi walikuwa wametega masikio. Ilikuwa siku ya soko, kila mtu na rununu yake, mtandao umejaa hadi pomoni. Kodeki ya mwandishi ilikuwa na laini moja tu ya simu. Nilikuwa studioni nikingojea zamu yangu ya taarifa ya saa saba. Tukasikia wakala akitamka kwa sauti ya kujiamini, baada ya kituo kifupi kama cha mtu anayevuta pumzi: "Tutanunua chini ya shilingi themanini kwa kilo."

Simu za studio zikaanza kulia. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha kusikia uvumi wa bei ya shilingi thelathini, na sasa uvumi ulionekana kupata muhuri. Jioni hiyo mzee mmoja wa Imenti aliwauzia madalali magunia yake kwa bei ya kutupa, akihofia kwamba kesho ingekuwa mbaya zaidi. Mwandishi aliporejea, Fundi alichukua kinasa sauti chake na kukilinganisha na rekodi ya studio. Kinasa sauti kilikuwa na sentensi kamili: "Hatutanunua chini ya shilingi themanini kwa kilo." Silabi moja ilikuwa imepotea. Pengo lilikuwa na urefu wa milisekunde 140 hivi, sehemu moja kwa saba ya sekunde, pakiti saba kati ya maelfu zilizotumwa asubuhi ile. Masahihisho yalisomwa hewani, lakini magunia ya mzee yule hayakurudi.

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hiyo hakuna ulimi uliojikwaa. Msemaji alitamka sawasawa, wasikilizaji walisikia sawasawa kilichowafikia, na mashine nayo ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya. Kodeki huwa na ustadi wa kuziba mapengo: pakiti isipofika, hurefusha au kufifiza sauti iliyotangulia ili sikio lisishtuke. Kama palipopotea silabi pangetoa mkwaruzo, kila mtu angejua kuna jambo limekosekana. Pengo lililozibwa vizuri ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu halijitambulishi.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikaa na daftari nikijiuliza swali ambalo Fundi hangeweza kunijibu, kwa kuwa ni la fani yetu: ni wapi katika Kiswahili ambapo silabi moja yaweza kupotea na sentensi ibaki sahihi kisarufi, ila maana yake iwe kinyume?

Nilianza na mahali ambapo lugha imejikinga. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi wa kigeni huulalamikia, ni ngome ya ajabu. Ukisema "Kiwanda chetu kikubwa kimefungwa," umeitaja ngeli mara nne. Pakiti zilizobeba "ki" ya kwanza zikipotea, "chetu", "kikubwa" na "kimefungwa" zitasimama kuwa mashahidi. Wahandisi wana mbinu inayofanana na hiyo. Huongeza pakiti za akiba zenye habari za pakiti jirani, ili moja ikipotea iweze kujengwa upya kutokana na zilizofika. Babu zetu waliounda lugha za Kibantu waliweka akiba hiyo ndani ya sarufi karne nyingi kabla ya kodeki. Nilipolitambua hilo nilijawa na fahari ambayo sikuwahi kuipata katika somo la ngeli.

Kisha nikageukia ukanushi. Tazama wakati uliopita: walilipwa, hawakulipwa. Tofauti ziko mbili, kwani "ha" imeongezwa na "li" imegeuka kuwa "ku". Ikipotea "ha", msikilizaji atapata "wakulipwa", atajua kuna kasoro, atauliza. Tazama hali timilifu: wamelipwa, hawajalipwa. "Me" imegeuka kuwa "ja". Ikipotea "ha", "wajalipwa" itamshtua. Tazama wakati uliopo: wanalipwa, hawalipwi. "Na" imetoweka na irabu ya mwisho imegeuka. "Walipwi" peke yake haisimami. Katika nyakati zote hizo lugha imemwekea mlinzi wa pili.

Sasa tazama wakati ujao: watalipwa, hawatalipwa. Tutanunua, hatutanunua. Utapata, hutapata. Atarudi, hatarudi. "Ta" haibadiliki. Kiishio hakibadiliki. Ukanushi wote umeegemea sauti moja ya mwanzo, tena aghalabu ni ile /h/ iliyo dhaifu kuliko konsonanti nyingi, tena iko mwanzoni mwa sentensi ambapo pengo lake hudhaniwa kuwa pumzi. Hata nafsi ya kwanza haikusalimika: "sitalipwa" ikipoteza "si" hubaki "talipwa", ambayo masikio yetu yaliyozoea usemi wa haraka huisikia kama "nitalipwa".

Na ni nini kisemwacho kwa wakati ujao redioni? Ahadi. Onyo. Bei ya msimu. Siku ya kufunguliwa shule. Mwanasiasa asema, "Hatutawatoza ushuru." Afisa wa kilimo asema, "Mvua haitanyesha wiki hii." Daktari asema, "Chanjo hii haitatolewa Jumamosi." Sentensi ambazo watu huzitegemea kuamua la kutenda ndizo ambazo Kiswahili kimeziacha na mlinzi mmoja tu mlangoni. Katika mazungumzo ya ana kwa ana upungufu huo hauna madhara, maana kuna uso, kuna kichwa kinachotikiswa, kuna mkono. Juu ya waya hakuna hivyo.

Dawa ipo, na nyingine haihitaji fedha. Lugha yetu ina hazina ya maneno ya kutilia nguvu ukanushi: kamwe, katu, asilani, abadani, la hasha. Wahariri wengi huyaona kuwa mapambo ya mshairi na kuyafuta. Mimi naona kwamba kwa mtangazaji aliye sokoni au uwanjani ni akiba ya kuokoa maana. Mtu akisema, "Hatutanunua kamwe chini ya shilingi themanini," silabi ya kwanza yaweza kupotea na neno kamwe likabaki kumwambia msikilizaji kwamba kuna ukanushi uliomponyoka. Hali kadhalika tarakimu. Thelathini na themanini zina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Kinachozitofautisha ni katikati tu. Mwenye kusoma bei na aitaje mara mbili kwa njia mbili: "shilingi thelathini, yaani tatu na sufuri." Na mtangazaji wa studioni asione haya kumrudishia msemaji maneno yake: "Umesema hamtanunua, sivyo?" Kurudia huko si kupoteza muda wa hewani.

Dawa ya fundi nayo ipo. "Ukitaka gunia lifike," aliniambia, "panda magari mawili." Kodeki nyingi za leo zaweza kutuma pakiti zile zile kwa njia mbili kwa wakati mmoja, mathalani kwa laini za kampuni mbili tofauti za simu, ya upande wa pili huchukua pakiti iliyowahi kufika na kuitupa pacha yake. Ni nadra mitandao miwili ikwame kwa nukta ile ile. Zile megabaiti 36 kwa saa huwa 72, na hiyo ni bei ndogo ikilinganishwa na magunia ya mzee wa Imenti.

Jambo la tatu ni adabu. Kwetu, awe Mmeru au Mwembu, kijana hamkatizi mzee kauli. Salamu ina mwendo wake: unaamkia, unangoja, unaitikiwa, unaulizwa habari za nyumbani. Wataalamu wa mawasiliano hupendekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ikiwa mazungumzo yatakuwa ya starehe. Setilaiti iliyo kimo cha karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta hula robo ya sekunde kwa kupanda na kushuka tu. Intaneti ya simu, ukijumlisha muda wa kusubiri katika bafa, yaweza kufika nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo mtangazaji hudhani mzee hajasikia, hurudia swali, na wakati huo huo jibu la mzee linawasili. Wote wawili hunyamaza, wote wawili huanza tena. Nimemsikia mzee mmoja akisema kwa uchungu, "Kijana, niache nimalize," ilhali kijana hakuwa amemkatiza; njia ndiyo iliyowakatiza.

Hapa pana mvutano ambao mhandisi hawezi kuutatua peke yake. Ukirefusha muda wa kusubiri, pakiti nyingi zilizochelewa zitawahi na silabi chache zitapotea, lakini mazungumzo yatakuwa mazito. Ukiufupisha, mazungumzo yatakuwa mepesi na mapengo yatazidi. Kinachohitajika ni mtu anayejua aina ya usemi utakaopita. Taarifa ya bei au ahadi ya kiongozi, ambayo haihitaji majibizano, na ipewe muda mrefu. Salamu na mahojiano na wazee yapewe muda mfupi. Uamuzi huo ni wa kipragmatiki kabla ya kuwa wa kiufundi, na pragmatiki ni somo letu.

Sharti tujue pia njia yenyewe inapita wapi. Zamani ujumbe wa intaneti uliotoka Meru kwenda Embu uliweza kupanda setilaiti, kuvuka bahari na kurudi, endapo watu wale wawili walitumia kampuni tofauti. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti nchini, KIXP, kilianzishwa mwishoni mwa mwaka wa 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kutokana na pingamizi, kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Tangu hapo majirani waliweza kuzungumza bila kupitia ughaibuni. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, kasi iliongezeka. Lakini kituo kinachotegemea seva iliyo ng'ambo ili kuunganisha Meru na Embu kimejirudisha kulekule kwa zamani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, waliokuwa na njia za ndani waliathirika kidogo kuliko waliotegemea za nje. Umeme nao una yake: giza lililoifunika nchi tarehe 25 Agosti 2023 liliwakumbusha wenye vituo kwamba kodeki bora isiyo na betri ni sanduku tupu.

Nimalizie na istilahi. Fundi wangu husema linki, bafa, kodeki, pakiti. Husema sauti inakatika, laini imekufa, sauti inarudi. Msamiati huo umezaliwa kazini, na sehemu yake kubwa ni Kiswahili kizuri. "Sauti inakatika" haihitaji kamati. Mahali palipo na upungufu ni kwenye majina ya dhana, na hapo twaweza kusaidia. Kule kuchelewa kwa sauti twaweza kukuita ukawio. Bafa, mahali pa kungojea, paweza kuitwa kingojeo. Pakiti za ziada tayari nimeziita akiba. Haya ni mapendekezo tu, nimeyajaribu kwa Fundi, naye alikubali akiba papo hapo, akacheka kidogo kusikia kingojeo, na ukawio akaukataa kwa sababu, kwa maneno yake, "unakawia kutamkika." Istilahi hupimwa vivyo hivyo, kwa midomo ya watakaoitumia.

Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka na vyuo vya Meru viko katika eneo lile lile nililolieleza, na vina wanafunzi wa lugha na wa sayansi wanaokula katika mkahawa mmoja bila kujuana. Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Tuandae siku moja ambapo mafundi wa redio watakuja kutueleza njia ya sauti, nasi tutawaeleza ni silabi zipi ambazo hazina mlinzi. Tuwaandalie watangazaji ukurasa mmoja, usizidi hapo, wa kanuni za kusema juu ya njia dhaifu: ukanushi wa wakati ujao uongezewe neno, tarakimu itajwe mara mbili, mzee asubiriwe hadi nusu sekunde ipite. Ukurasa huo ubandikwe ukutani karibu na kipazasauti, mahali ambapo msomaji wa bei ya makadamia hawezi kukosa kuuona.